Jicho la Kulia la Baba

Baba yangu alianza kuheshimiwa alipoacha kuona. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mpunga kama wakulima wengine wa kijiji cha Mamba, mtu wa maneno mengi na subira kidogo, ambaye watu walimkwepa njiani kwa sababu salamu yake moja ilizaa ubishi wa asubuhi nzima. Ukimwambia mvua imechelewa, alikuuliza imechelewa kwa saa ya nani. Hakuna aliyewahi kumletea shauri lolote aamue, na angeamua nini, wakati mashauri mengi ya kijijini yeye mwenyewe alikuwa upande mmojawapo.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. La kushoto liliuma sana, likawa jekundu, likazimika. La kulia halikuuma hata kidogo. Liliingiwa na weupe polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa hatofautishi mbuzi na mtoto. Katikati ya miaka ya tisini, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Mpanda, mama ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka kila mahali: kitandani, kanisani, chooni. Muda uliobaki alikaa uani kwenye kiti chake cha ngozi. Kwa kuwa hakumwona aliyesimama mbele yake, hakujua agombane na nani, akawa mtu wa kunyamaza. Watu waliopita wakimwona amenyamaza, uso ameuinua, jicho jeupe likitazama mbingu, walidhani wameona hekima.

Baraza lake lilianza kwa bahati tu. Jirani yetu mmoja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wengi, alikutana uani kwetu na mtu ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa na ng'ombe hao. Wakaanza kuelezana. Walielezana muda mrefu, kila mmoja akimgeukia baba ashuhudie, na baba alikuwa amelala. Alipozinduka na kusikia bado kuna sauti, aliuliza:

"Bado mpo?"

Wale watu wakatazamana, wakaona aibu, wakapatana palepale. Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kinarudia maneno hayo na kuyapa maana. Wiki iliyofuata walikuja wengine na shauri la mpaka, na wengine na shauri la mahari.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kilimo hakikumpenda na yeye hakukipenda, alijiteua kuwa karani. Alipanga nani aingie na nani asubiri. Mwenye kuja na kuku alisikilizwa asubuhi, baba akiwa macho. Aliyekuja mikono mitupu alipewa nafasi baada ya chakula cha mchana, baba akiwa usingizini, ingawa hukumu zilifanana. Mchungaji wa kanisa letu naye alimtaja katika mahubiri kama mfano wa mtu aliyefungiwa macho ya mwili ili yafunguke ya roho. Baba alisikia hayo kanisani, akiwa ameshikwa mkono na mama, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu ambao hatukuwahi kumjua nao.

Ndipo kiangazi kimoja likatoka tangazo kwamba daktari wa macho angefika Mpanda kwa treni kutoka Tabora, na vifaa vyake, apasue watu katika hospitali yetu kwa muda mfupi kisha aondoke. Nilituma ujumbe Mamba kwa dereva wa lori la mpunga: mama amlete baba. Niliandaa kitanda kimoja. Lori lilipofika walishuka baba, mama, kaka, mchungaji na yule jirani yetu mwenye ng'ombe. Nilimuuliza mama hawa wengine wamefuata nini. Akasema wamemsindikiza mgonjwa, na akaingia ndani kutafuta maji ya kuoga.

Safari yenyewe, mama alinisimulia, haikuwa mbaya isipokuwa ndani ya mbuga ya wanyama, kabla ya kufika Sitalike. Tembo walikuwa wakivuka barabara, dereva akazima injini, na abiria wote juu ya magunia wakajizuia hata kupumua. Baba aliposikia kimya hicho alidhani wamefika. Akasalimia wenyeji kwa sauti kubwa na kuomba mtu amshushe. Tembo mmoja aligeuka na kulitazama lori kwa muda ambao mama hakutaka kuueleza zaidi. Baadaye mchungaji alilihubiri tukio hilo, na katika mahubiri yake tembo aliinamisha kichwa.

Jioni ile, baada ya ugali, kikao kikafanyika sebuleni kwangu. Walimjadili baba akiwa amekaa katikati yao. Kaka alisema tatizo si kisu, tatizo ni imani ya watu. Mzee sasa anahukumu bila kuona sura, kwa hiyo hana upendeleo. Siku akiona, nani atamwamini? Mchungaji alisema yeye hapingi hospitali, ila ameshawaambia waumini kwamba mzee anaona ambayo sisi hatuyaoni, na akirudi anaona yaleyale tunayoyaona sisi, waumini watauliza maswali. Jirani yetu alikuwa mkweli kuliko wote.

"Akiniona mimi hamna shida," alisema. "Akiziona ng'ombe zangu, hapo ndiyo shida."

Mimi nami nilikuwa na elimu yangu, na sikutaka ikae bure. Nilichukua ubao mdogo wa shule, nikachora jicho kubwa, nikaeleza kuwa ndani kuna kitu kama kioo, kikizeeka kinakuwa cheupe, na huo ndio mtoto wa jicho. Nilieleza vizuri sana, nikionyesha kwa kidole. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ninachoonyesha ni nini, maana yeye haoni.

Mama alikuwa mlangoni akisuuza sahani. Hakuna aliyemuuliza kitu, nikiwemo mimi.

Asubuhi tulikuta hospitali imejaa. Watu walitoka Karema, Inyonga, Ugalla, kila mgonjwa na mtu wa kumshika. Kaka alimwona mwanamume mmoja mrefu mwenye koti safi, akamvuta pembeni na kumweleza habari yote ya mzee wetu, umuhimu wake kwa jamii na wasiwasi wa familia. Yule bwana alisikiliza kwa heshima, kisha akasema yeye ni dereva wa hospitali. Daktari alikuwa yule mama mfupi aliyevaa kandambili, ambaye kaka alikuwa amemwomba asogee kidogo tupite.

Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mrina asali wa Ugalla, mtu mzima, mpole, ameshikwa mkono na mkewe. Daktari alimpima muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, akamwambia kuwa presha ya jicho imeua mishipa ya macho yote mawili, na hakuna upasuaji utakaomrudishia kuona. Angeweza kumpasua, alisema, watu wangefurahi kuona bandeji, lakini angekuwa anamdanganya. Yule mzee aliuliza kama ni moshi wa mizinga. Daktari akasema hapana, si kosa lake. Mzee akashukuru, akainuka, mkewe akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni. Kaka, ambaye tangu alfajiri alikuwa akitafuta sababu ya baba kukataliwa, alitazama chini. Nilimwona.

Ilipofika zamu yetu, daktari alimfunika baba jicho la kulia, akawasha tochi na kuisogeza huku na huku, akimuuliza mwanga unatoka wapi. Kwa jicho la kushoto baba alijibu bila kusita: chini, kulia, juu, katikati. Alijibu kwa sauti ileile aliyoitumia barazani. Daktari akaizima tochi na kuiweka mezani.

"Na sasa unatoka wapi?"

"Juu, kushoto," baba akasema.

"Mzee wangu, tochi nimeizima."

Baba alifikiri. "Mimi nilikuwa nazungumzia mwanga mwingine," akasema.

Mchungaji, aliyekuwa amechungulia mlangoni, aliitikia amina. Daktari alimwomba afunge mlango, naye akiwa nje.

Jicho la kulia lilikuwa habari nyingine. Hapo baba hakuhitaji kukisia. Kila mwanga ulikotoka alipajua, na rangi nyekundu aliitambua. Daktari alitueleza kwa maneno ya kawaida. La kushoto limekufa, tusilizungumze tena. La kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, na nyuma yake jicho linaonekana lipo hai. Linaweza kupasuliwa. Ila ni jicho lake la pekee. Wengi anaowapasua wanaona, lakini si wote. Wapo wanaovuja damu ndani, wapo wanaopata usaha, na likiharibika hata huu mwanga kidogo wa kujua mchana na usiku utaondoka. Halafu kulikuwa na kikohozi. Baba alivuta kiko tangu ujanani, na kifua chake kilikuwa kinaunguruma kama mashine ya kukoboa. Daktari alisema hawezi kuweka kisu kwenye jicho la mtu anayekohoa. Akampa dawa, akamkataza tumbaku, akasema turudi siku za mwisho kabla hajaondoka, tukiwa na kifua kilichotulia na jibu.

"Jibu la nani?" kaka akauliza.

"La mwenye jicho."

Nyumbani kauli hiyo ilileta taabu, maana jicho lile lilikuwa na wenyewe wengi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Baba bila tumbaku alirudi kuwa baba wa zamani. Alibishana na redio. Alimwambia mchungaji kuwa maombi yake ni marefu kwa sababu hajui anachoomba. Alimwambia jirani yetu kuwa ng'ombe wake wanakohoa na hawezi kuwaficha hata kwa kipofu. Wale waliosafiri kutoka Mamba kuja kuilinda hekima walianza kushinda sokoni. Lakini kikohozi hakikupungua. Dawa alikuwa akinywa, mimi mwenyewe nikimpa, na bado kila asubuhi kifua kiliunguruma vilevile, nikaanza kuamini kuwa haikupangwa apasuliwe.

Mama hakuamini hivyo. Alikuwa akimfulia baba shati, akalinusa, akalinusa tena. Aliingia chumbani bila kusema, akapapasa chini ya godoro, akatoka na kiko na fungu la tumbaku mbichi ambayo baba, kwa macho yale, asingeweza kujinunulia. Sote tukamtazama kaka. Kaka akaanza kueleza kuwa mtu aliyezoea kitu kwa miaka mingi hawezi kuachishwa ghafla, ni hatari kwa mishipa. Mama alimpita, akavuka uwanja wa shule mpaka kwenye choo cha walimu, akavitumbukiza vyote. Aliporudi alinawa mikono.

"Nyie mtalala gesti," aliwaambia wale watatu. "Mkitaka kumwona, mje mchana, na mje mikono mitupu."

Sikuwahi kumsikia mama akitoa amri. Hata wao hawakuwahi, ndiyo maana walitii.

Kifua kikatulia. Tuliporudi hospitalini daktari alimsikiliza mgongo, akaridhika, akawatoa watu wote isipokuwa baba, mama na mimi. Akamuuliza baba ana haja gani ya kuona.

Baba alikohoa kidogo, si kikohozi cha ugonjwa bali cha kuanza hotuba. Alieleza wajibu wake kwa jamii, amani ya bonde letu la Mpimbwe, uhusiano mwema wa wakulima na wafugaji. Daktari alimwacha amalize.

"Hayo yote unayafanya sasa bila kuona," akasema. "Mimi nakuuliza kile unachoshindwa."

Baba alinyamaza. Hakikuwa kile kimya chake cha uani. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu kwenye goti, na niligundua vilikuwa vinatafuta mkono wa mama.

"Nataka kwenda chooni mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari akaandika kitu, kisha akainua uso. "Na wewe mama, unasemaje?"

Mama alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mama mwingine.

"Mimi ndiye ninayeumwa macho yake," akasema. "Yeye haoni, lakini anayejikwaa ni mimi. Likiharibika, nitamshika kama ninavyomshika sasa, nimeshazoea. Likipona nitapata mikono yangu. Ila jicho ni lake."

Daktari akamrudia baba, akamuuliza kama ameelewa kuwa linaweza kuharibika, na kwamba huo mwanga wa kujua kumekucha unaweza kupotea kabisa.

"Kumekucha hata jogoo ananiambia," baba alijibu. "Pasua."

Siku ya upasuaji mimi na mama tulikaa kwenye benchi nje. Mchungaji alisimama kwenye kivuli chembamba cha paa akiomba, na sikuthubutu kumuuliza anaomba litokee lipi. Mimi niliyechora jicho ubaoni kwa ujasiri sasa nilikuwa nikijiuliza nilimleta baba kwa ajili yake au kwa ajili ya elimu yangu. Mama alikuwa anachambua mchele aliokuja nao kwenye kikapu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mgonjwa hatapigwa nusukaputi bali ganzi ya jicho tu, na sharti alale chali, asitikisike, asiseme neno. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kisu. Lakini nesi alipotoka alisema hajawahi kuona mgonjwa mtulivu vile. Baba alikuwa amelala usingizi. Miaka ya barazani ilikuwa imemfundisha jambo moja.

Kesho yake bandeji iliondolewa. Jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi, lakini vidole vya daktari alivihesabu. Baadaye wakampa miwani yenye vioo vinene kama vitako vya chupa, kwa kuwa kile kioo cha ndani kilikuwa kimetolewa. Aliivaa kwa mikono miwili, akageuza kichwa polepole, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa kaka.

"Nani huyu mnene?"

Daktari alieleza kuwa miwani ile inakuza vitu, atazoea. Baba akasema inawezekana, lakini daktari mwenyewe hajanenepa.

Kisha akamwona mama. Alimtazama muda mrefu, akainua miwani, akairudisha. Mama alikuwa amevua kilemba kwa ajili ya joto.

"Mvi hizi umepewa na nani?"

"Na wewe," mama akasema, akaanza kufunga mizigo.

Baraza liliendelea Mamba kwa muda, kwa mazoea. Kisha watu wakaanza kulalamika. Mzee sasa anamtazama mtu usoni akiongea, walisema, na anamkatisha. Siku moja ya shauri la ng'ombe na mahindi aliinuka kitini, akachukua fimbo, akaenda shambani mwenyewe, akafuata kwato mpaka zizini kwa jirani yetu, akarudi na kutoa hukumu yenye sababu. Hukumu ilikuwa ya haki, na haikumridhisha mtu. Mshindi alisema angeshinda hata hivyo. Jirani yetu alisema kwa huzuni ya kweli kwamba hospitali imemharibu mzee. Mashauri yakahamia kwa mzee mwingine, upande wa pili wa kijiji, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa. Kaka alihamia huko pia, na nasikia asubuhi zake zilikuwa na kazi nyingi. Mchungaji alibadili mahubiri: sasa yalimhusu mtu aliyekuwa kipofu akafunguliwa. Daktari hakuwemo.

Baba hakuonekana kuumia. Alirudi kukwepwa njiani, akawa na nafasi ya kubishana na kila aliyechelewa kumkwepa. Miwani aliifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Alikwenda chooni mara nyingi kuliko ugonjwa wowote ungeweza kueleza, akipita katikati ya ua, polepole, fimbo kwapani, na alikuwa anatusalimia akienda na akirudi.

Mama alivumilia mpaka uhakika ukamwingia, kisha akafunga kitenge chake kimoja na kikapu, akaenda Kasansa kumtembelea dada yake, ambaye hakuwa ameonana naye tangu jicho la kwanza la baba lizimike. Alisema anakwenda kusalimia. Walikaa wawili hao wakipalilia, wakicheka mambo ya usichana wao, na siku zikapita. Baba alianza kutuma ujumbe kwa watu wa baiskeli. Wa kwanza uliuliza hali. Wa pili uliuliza chumvi inawekwa wapi.

Mtu wa baiskeli alisimama mlangoni Kasansa akisubiri jibu la kurudi nalo. Mama alikuwa anakula.

"Mwambie atafute," alisema. "Jicho analo."